Mtu wa Ukoo wa Kwale

Jumatatu, tarehe sita Machi 1967. Asubuhi ukungu, mchana jua la kuchoma, jioni mvua ya mawe kidogo. Hivyo ndivyo nilivyoandika katika daftari langu siku hiyo, na chini yake nikaongeza: "Leo nimetafsiri vizuri." Maneno hayo ya mwisho nikiyasoma sasa naona aibu. Sikuyafuta wakati ule, wala siyafuti leo. Daftari likishaanza kufutwafutwa, hata mwenyewe hutaliamini.

Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na miwili. Nilisoma hadi darasa la sita, nikaachia hapo baba alipoanza kuugua. Upande wetu wa Nyamache wakulima wadogo walikuwa wamevamia chai, na serikali ilikuwa imetuletea bwana shamba Mwingereza wa kutufundisha kuipanda na kuipogoa. Alinichukua niwe mkalimani wake, siku mbili kwa juma. Kiswahili chake kilikuwa cha jikoni. Kiingereza changu kilikuwa cha vitabu vya picha. Kati ya nusu hizo mbili tulitakiwa tupate jambo zima, na mara nyingi tulipata. Nasema hivyo ili nisijihukumu kupita kiasi, kwa mema wala kwa mabaya.

Siku hiyo wazee walikutana naye kwenye bustani ya miche ya chai. Kila mtu alijua wanalolitaka: kituo cha kupimia majani kijengwe kwenye mlima wetu, si ng'ambo ya mto. Kwa mila zetu, jambo zito haliingiwi kichwakichwa. Mzee wa mtaa, mtu mwembamba mwenye koti refu la jeshi, alianzia mbali.

"Mura," akaniambia, ndivyo wazee wetu wanavyomwita kijana, "mwulize mgeni jina lake ni la marehemu yupi kwao."

Lilikuwa swali la heshima. Kwetu mtoto hupewa jina la mtu wa ukoo aliyekufa, ili asisahaulike. Au hupewa jina la jambo lililokuwapo alipozaliwa: nzige, njaa, barabara kupasuliwa. Hakuna anayeitwa bure.

Nilimwuliza. Bwana shamba akacheka, akasema jina lake la ukoo si la marehemu yeyote, ni la ndege. Nilikuwa nimelitumia jina hilo mwezi mzima nisijue lina maana. (Silitaji hapa, maana huenda ana wajukuu.) Nikamwuliza ni ndege gani. Alivimbisha mashavu, akachuchumaa kidogo, akakimbia hatua tano kati ya miche, kisha akapiga viwiko mbavuni kwa kishindo. Wanawake waliokuwa wakimwagilia miche walipiga kelele kwa kicheko.

"Kwale!" wakasema.

Baadaye aliniambia kwamba ndege wa kwao si huyu wetu hasa, ni binamu yake. Naliandika hilo nisije nikaongeza kosa juu ya kosa.

Mzee wa mtaa hakucheka. Aliegemea fimbo yake akauliza polepole, "Kumbe. Basi kwale ndiye mnyama wa ukoo wao?"

Lazima nieleze. Koo zetu za Kisii kila moja ina mnyama wake. Wako wa chui, wako wa kiboko, wako wa punda milia. Mtu hamdhuru mnyama wa ukoo wake wala hamli, na mwenyeji mwenye adabu hamwui mnyama wa mgeni wake mgeni akiwapo. Kwa hiyo swali la mzee lilikuwa swali la maana, na mtu mmoja tu mahali pale ndiye aliyeweza kulijibu. Naye alikuwa akipangusa udongo kwenye magoti yake, hajui kinachosemwa.

Nilitakiwa kugeuka nimwulize. Sikugeuka. Nilisema, "Ndiyo."

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Labda niliona haya kusema sijui mbele ya watu waliokuwa wakinitazama kama msomi. Labda niliamini kweli, maana kama mtu haitwi bure, nani ajiite kwale bila sababu? Sina hakika, na siwezi kujitetea kwa lile wala kwa hili.

Mzee akasimama wima. "Basi msikie nyote. Mpaka kituo kiamuliwe, hakuna tanzi la kwale kwenye mlima huu. Hatuwezi kumwomba mtu kituo asubuhi, jioni tukamnyonga ndugu yake."

Watu wakaitikia. Bwana shamba akaniuliza wanasema nini.

"Wanasema karibu sana," nikamjibu.

Hilo lilikuwa kosa la pili, na nadhani ndilo kubwa.

Sasa niseme juu ya mama mdogo. Baba yangu alikuwa na wake wawili. Mama yangu, mke mkubwa, alipata shamba la juu, na humo tulipanda chai. Mama mdogo alipata kipande cha chini kinachopakana na kichaka cha mtoni. Hakuwa na mche hata mmoja wa chai. Alikuwa na wimbi. Kituo kijengwe huku au kule, kwake ni mamoja, lakini amri ya kwale ilimwangukia yeye kuliko wote, kwa kuwa kwale hulala vichakani, na kichaka kilikuwa chake.

Kila mwaka alipopanda alizungusha shamba kwa matanzi ya usinga wa mkia wa ng'ombe. Mwaka huo aliyang'oa yote siku ileile, akayafunga kitita, akayatundika chini ya paa la jiko. Hakulalamika. Mzee amesema. Kisha akapanda wimbi lake kama kawaida, kwa kurusha mbegu kwa mkono, na kwale wakatoka kichakani kufukua.

Walikuja alfajiri na walikuja jua likiinamia. Mama mdogo alikuwa na goti bovu. Alikuwa akishuka kilima na debe tupu, akiligonga kwa kijiti, na kabla hajafika nusu ya njia kwale walikuwa wamekwisha kula wakarudi kichakani wanapiga kelele zao kama watu wanaogombana. Juma la pili nilipita pale nikaona shamba limekuwa na vipara kila mahali. Nilijua sababu. Nilipita.

Alinikuta kisimani keshoye.

"Mwanangu wewe uliyesoma," akasema akitua mtungi, "nisaidie. Mwulize yule mzungu ndugu zake watashiba lini."

Wanawake wawili waliokuwa nyuma yake wakacheka. Mmoja akasema, "Mwambie awaandikie barua, mama. Labda nao wamesoma."

Mama mdogo naye alicheka. Kisha akaacha. "Nimebakiwa na kibuyu kimoja cha mbegu," akasema, na hakuwa akiwaambia wale wanawake. "Nikikipanda nacho kikaliwa, nitawapa nini wakwe?"

Binti yake alikuwa amechumbiwa upande wa Nyamira, na wakwe walikuwa waje baada ya mavuno. Kwetu wakwe hawapewi ugali wa mahindi. Wanapewa ugali wa wimbi, mweusi, wa moto, ndani ya kikapu chake. Nyumba isiyoweza kuuweka mbele yao inajisema yenyewe kuwa haina kitu. Na kuomba wimbi nyumba ya mke mwenzio ni jambo ambalo mama mdogo asingelifanya, hata kama mama yangu angempa kwa mikono miwili. Nasema angempa, ingawa sikumwuliza.

Siku iliyofuata ilikuwa zamu yangu ya kazi. Tulikuwa tukikagua upogoaji, mimi na bwana shamba peke yetu, mstari kwa mstari. Nilianza mara tatu nikashindwa. Mwishowe nikasema, nusu Kiswahili nusu Kiingereza, "Bwana, nyumbani kwenu, huyu ndege wa jina lako, mnamheshimu namna gani?"

Alisimama akafikiri. "Sisi heshimu yeye na mchuzi," akasema. "Na viazi. Tamu sana."

"Wewe mwenyewe umemla?"

"Mimi? Baba yangu piga yeye na bunduki kila mwaka wakati ya baridi. Mama yangu pika." Akanitazama. "Kwa nini uso yako iko hivyo?"

Sikumwambia siku hiyo. Nilimwuliza tu kama jina si la ukoo. Akasema ni la ukoo, lakini si kwa namna nilivyofikiri, na kwa kuwa alipenda kuzungumza alikaa juu ya debe lililopinduliwa akanieleza. Hapo alihamia Kiingereza, na naandika nilichoambulia.

Alisema zamani kwao watu walikuwa na jina moja tu, na kila kijiji kikajaa watu wa jina lilelile. Majirani wakaanza kuwatofautisha. Mwenye miguu mirefu wakamwita Crane, yaani korongo. Mdogo wa mwili wakamwita Wren, ambaye ni ndege kama kidole gumba. Anayetembea akijitazama wakamwita Peacock, yaani tausi. Msemaji asiyenyamaza akapewa ndege mwingine mwenye kelele, Jay, ambaye sisi hatuna. Kuna aliyeitwa Nightingale kwa kuimba vizuri, ingawa, alisema, inawezekana pia alikuwa akiimba vibaya na watu wakamdhihaki. Wengine hawakufanana na ndege yeyote. Walikaa tu kwenye nyumba iliyochorwa ndege juu ya mlango, kwa sababu watu hawakujua kusoma namba. Na wengine waliwawinda ndege wakawauza sokoni.

"Na babu yako?" nikamwuliza.

"Hakuna anayejua. Labda alikuwa mwindaji wa kwale. Labda alikuwa mnene mwenye kukimbia hivyo." Akacheka. "Mimi nadhani alikuwa mnene."

"Na jina la utani likawaje la watoto?"

"Karani wa kodi," akasema. "Alikuja, akauliza huyu nani, majirani wakasema ni yule kwale. Akaandika. Karani akishaandika, basi."

Hilo nililielewa bila kamusi. Baba yangu aliandikwa kwenye kipande, kile kitambulisho cha wakoloni, jina ambalo hakuwahi kuitwa na mtu yeyote nyumbani, kwa sababu karani alikuwa na haraka, na mpaka anakufa, hospitali ilimwita kwa jina lile.

Miaka ya sabini nilipokuwa nikifanya kazi ya kutunza ghala la shule moja pale Nyanchwa, nilimwuliza mwalimu mmoja wa Kiingereza kama mambo haya ni kweli. Akasema mengi ni kweli, lakini majina mengine ya ndege ni ya kale zaidi, kwamba zamani sana wazazi waliwaita watoto kwa majina ya ndege kwa upendo tu, na tena mengine yanaonekana kama ya ndege lakini si ya ndege kabisa, yametokana na majina ya mahali yaliyochakaa mdomoni. Kwa hiyo kila mtu mwenye jina la ndege hawezi kuwa na hakika. Nimelifikiria hilo. Sisi tumepewa majina na watu waliotaka wafu wetu wakumbukwe. Wale, wengi wao, walipewa na majirani waliokuwa wakiwacheka. Nilianza kuandika kwamba yetu ni bora, kisha nikawakumbuka watu niliosoma nao walioitwa Njaa maisha yao yote, na nikaacha.

Lakini narudi kwenye Machi ile. Nilikuwa nimejua ukweli siku ya Jumanne. Mkutano wa wazee ulikuwa Jumatatu iliyofuata. Ningeweza kwenda kwa mzee wa mtaa jioni ileile, ni mwendo wa dakika ishirini. Sikwenda. Nilijiambia jambo lililosemwa mkutanoni hufutwa mkutanoni. Ni kweli, hiyo ni desturi. Ni kweli pia kwamba niliogopa.

Mama mdogo hakujua habari ya mkutano wala niliyoyajua mimi. Aliona mawingu yanasogea kuelekea upande wa Mosocho na kutuacha, akahofu mvua itaisha kabla mbegu haijashika. Jumapili akapanda kibuyu cha mwisho. Jumatatu alfajiri nilisikia debe likigongwa kule chini, likigongwa kwa muda mrefu.

Nilisimama mkutanoni kabla hata sala haijakwisha vizuri.

"Wazee," nikasema, "nilisema kwale ni mnyama wa ukoo wa mgeni. Sikumwuliza. Nimemwuliza sasa. Si mnyama wao. Wanamla na viazi."

Mzee mmoja mnene, aliyekuwa maarufu kwa kupenda nyama ya kwale na ambaye alikuwa amevumilia majuma mawili, akasema kwa uchungu wa kweli, "Na viazi!"

"Kwa hiyo ulitupa maneno ya tumbo lako," mzee wa mtaa akasema.

"Nilidhani, omogaka," nikajibu, kwa neno letu la kumheshimu mzee.

"Kudhani ni kazi ya mganga. Wewe tulikuweka uwe mdomo." Nilingoja aniambie niketi, au niondoke, na ningeondoka. Akageuka akawatazama wenzake. "Lakini tuseme haki. Yeye alisema ndiyo, na sisi tulikuwa tumeinama kuisubiri hiyo ndiyo. Tulitaka kituo. Nani kati yenu alisema aulizwe mgeni mwenyewe?"

Bwana shamba akanivuta mkono akauliza kuna nini, na safari hii nilimtafsiria yote, pamoja na viazi, pamoja na tumbo langu, pamoja na ile "karibu sana" niliyomdanganya. Alianza kucheka kwa sauti. Nilipofika kwenye shamba la mama mdogo akaacha.

"Kituo," akaniambia polepole kwa Kiingereza, "kiliamuliwa mwaka jana. Ofisini Kisii, juu ya ramani. Kiko ng'ambo ya mto, kwa sababu ya barabara. Nilikuwa nangoja barua ya kuniruhusu kusema."

Nilitafsiri na hilo. Nilifikiri wazee watapiga kelele. Hawakupiga. Mzee wa mtaa alivaa kofia yake, akasema matanzi yarudi leo, akaufunga mkutano.

Bwana shamba alitaka kumwona mama mdogo. Tulishuka. Tulimkuta amekwisha kupata habari, maana habari kwetu hushuka kilima haraka kuliko gari, na alikuwa amepiga magoti anafunga tanzi la sita au la saba. Sehemu ya juu ya shamba ilikuwa imefukuliwa kama imelimwa na kuku. Ya chini, karibu na pale aliposimama na debe, ilikuwa nzima.

Bwana shamba akavua kofia. "Mama, pole. Mimi hapana jua."

"Mwambie asisumbuke," mama mdogo akaniambia bila kunitazama. "Jina si kosa la mtu, alipewa. Mimi nina jina la shangazi yetu aliyekuwa mkali kama pilipili. Je, mimi ni mkali?"

Sikutafsiri, mpaka aliponigeukia akasema, "Mbona hutafsiri?" Nikatafsiri.

Nikamwomba radhi mwenyewe, kwa lugha yetu. Nilimwambia nilijua tangu Jumanne. Hilo hakuwa akilijua. Aliendelea kufunga usinga, akaukaza kwa meno, akaukata.

"Jumanne," akasema. "Na mimi nikapanda Jumapili."

"Ndiyo, mama."

"Basi utakuwa ukiamka alfajiri kunigongea debe mpaka wimbi liote."

Nikasema nitaamka. Aliinuka kwa shida akashika goti, akatazama sehemu ya chini ya shamba kwa muda, akipima kwa macho. "Wakwe itawatosha," akasema. "Sisi haitatutosha."

Tulipokuwa tukiondoka tanzi moja la kichakani lilivutwa. Kwale alikuwa mnene, akipiga mabawa vumbi likaruka. Mama mdogo alimkamata miguu yote miwili akamkabidhi bwana shamba. "Mwambie ndugu yake huyu hapa, amchukue akamheshimu na viazi." Bwana shamba alimpokea kwa mikono miwili, kama tulivyomfundisha kupokea vitu, akapanda naye kilima akiwa amemwinamisha kichwa chini. Watoto wa njia nzima walimfuata.

Niliamka alfajiri ishirini na tatu. Nyingine nilichelewa, daftari linaonyesha zipi.

Jioni ya siku ile ya mkutano mama yangu alituma mtu kumwita mama mdogo aje ale kwetu, naye akaja, akakaa upande wa mlango. Tulikula ugali wa mahindi, na mboga za managu zilizochemshwa na maziwa, na ndizi mbili za kuchoma zilizobaki tangu mchana. Mama mdogo hakupenda ugali wa mahindi, ulimsumbua tumbo. Alikula wote aliopewa.